Namna ya Kuwasomesha Vijana Ustaarabu wa Kiislamu Bila Kurarua Kurasa

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote anayekaa na vijana: ustadhi wa madrasa, mzazi, kiongozi wa kikundi cha mtaani, dada mkubwa mwenye wadogo zake. Mimi nilisomesha hesabu shule za upili hapa Mombasa mpaka nikastaafu. Siku hizi, Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, nakaa na vijana barazani kwetu Kibokoni tukisoma habari za wanazuoni wa zamani wa ulimwengu wa Kiislamu. Wengi wao ni wa kidato cha pili hadi cha nne. Wapo Waislamu, na wapo Wakristo wanaovuka daraja la Nyali kutoka Kisauni na Kongowea. Wote hukaa mkeka mmoja.

Kijana hufika na moja ya hadithi mbili. Ya kwanza ameipata kwenye simu: kwamba kila kitu, kuanzia sifuri mpaka kamera, kilibuniwa na Waislamu, kisha Wamongolia wakaingia Baghdad mwaka 1258, vitabu vikatupwa mtoni, na mambo yakaishia hapo. Ya pili ameisikia kwengine: kwamba Waarabu walileta upanga na utumwa, na elimu yenyewe waliichukua kwa Wayunani, wakaiweka kabatini mpaka Wazungu walipokuja kuichukua. Hadithi zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zimerarua kurasa.

Kanuni yangu ni moja. Yaseme mazuri na mabaya katika kikao kimoja, tena kwa kitabu kilekile, mtu yuleyule au mji uleule. Ukiifanya Jumamosi hii kuwa ya fahari na ijayo kuwa ya makosa, atakayekosa mojawapo ataondoka na nusu, na aliyehudhuria zote mbili ataamini kwamba nusu hizo hazihusiani. Zinahusiana sana. Khalifa aliyelipia tafsiri za falsafa ndiye aliyeanzisha mateso ya wanazuoni. Kitabu kilichoifundisha dunia aljebra kina maswali yenye bei za watu. Nataka kijana awe na habari kamili, ili asije akakutana nayo ukubwani kwa mtu mwenye nia ya kumdhalilisha.

Fungua kitabu kimoja mbele yao

Mimi huanza na kitabu cha aljebra cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Hata kama hesabu hukuzipenda shuleni, hili utaliweza.

Nunua karatasi mbili za manila za rangi tofauti. Chukua sentimita 3 kuwa kipimo kimoja. Kwenye karatasi ya kwanza kata mraba wa sentimita 9 kwa 9, na mistatili miwili ya sentimita 15 kwa 9. Kwenye ya pili kata mraba wa sentimita 15 kwa 15, uufiche. Usiwaambie vijana urefu wa ule mraba mdogo. Huo ndio wanaoutafuta.

Sasa wape swali la al-Khwarizmi mwenyewe: mraba wa kitu, ukijumlishwa na kitu hicho mara kumi, unakuwa 39. Kitu hicho ni ngapi? Weka mraba mdogo mkekani. Waeleze kwamba zile mara kumi amezigawa nusu kwa nusu, tano huku na tano kule, ndiyo maana mistatili ni miwili. Mmoja uweke ubavuni mwa mraba, wa pili chini yake. Vipande vitatu kwa pamoja ni 39. Hapo nyamaza, waache waangalie. Umbo limekua lakini pembe moja iko wazi. Uliza: hapa panakosekana nini? Mara nyingi anayejibu kwanza ni mtoto ambaye darasani hafungui mdomo: panakosekana mraba wa tano kwa tano. Toa ule uliouficha, ujaze pengo. 39 na 25 ni 64. Umepata mraba mzima, na upande wake ni 8. Ondoa 5 za mstatili, inabaki 3. Wahakikishe wenyewe: 3 mara 3 ni 9, 3 mara 10 ni 30, jumla 39.

Al-Khwarizmi aliyaandika haya yote kwa maneno matupu, bila x wala alama ya kujumlisha. Lakini hapa usikimbilie kusema kwamba ndiye aliyebuni. Waandishi wa Babeli walikuwa wakikamilisha miraba zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Alichoongeza yeye ni mpango: aliigawa milinganyo katika aina sita, akatoa njia ya kila aina, na akathibitisha kwa maumbo kama haya kwamba njia ni sahihi. Wazoeze vijana kuuliza kila mara, “Alikuta nini, akaongeza nini?” Swali hilo humheshimu mwanazuoni kuliko sifa za jumla. Al-Khwarizmi mwenyewe, alipoandika kitabu kingine kueleza tarakimu tunazotumia leo, alisema wazi kwamba ni hesabu za Wahindi. Kanuni za kuhesabu kwa sifuri zilikuwa zimeshaandikwa India na Brahmagupta mwaka 628.

Kisha geuza kurasa. Sehemu kubwa ya nusu ya pili ya kitabu inahusu wasia na mirathi. Mwandishi anasema mwanzoni kwamba anataka kuwarahisishia watu mambo wanayoyahitaji katika mirathi, wasia, migawanyo, kesi na biashara. Vijana wa Mombasa hawahitaji maelezo marefu hapo. Kila nyumba ina habari yake ya Korti ya Kadhi na kiwanja cha babu. Endelea mpaka ufike kwenye maswali ya kuwaacha huru watumwa katika maradhi ya mauti. Mtu yuko mahututi, anawaacha huru watumwa wake wawili, kisha mmoja wao anakufa. Eleza kwa nini pana hesabu: mgonjwa wa mauti hakuruhusiwa kutoa zaidi ya thuluthi ya mali yake, na mtumwa alihesabiwa ndani ya mali. Kwa hiyo uhuru wake ulibidi upigiwe hesabu, na bei yake ni mojawapo ya namba za swali.

Waambie vijana waitafute hiyo bei katika swali wenyewe, kwa kidole. Wakishaiona, waeleze mambo mawili pamoja. Qur'ani katika Surat al-Balad inataja kumwacha mtu huru kuwa ndiyo njia ya kupanda mlima, na kafara kadhaa hulipwa kwa kumwacha mtu huru. Na sheria waliyoiandika mafakihi, yaani wanasheria wa Kiislamu, iliendelea kumpa mtu bei kwa zaidi ya miaka elfu moja. Usimwambie kijana “zamani ndivyo ilivyokuwa” ukaishia hapo. Ndivyo ilivyokuwa, na aliyekuwa na bei alikuwa na mama, kama wewe.

Kijiti, kivuli na kibla

Kikao hiki ni cha jua, kwa hiyo kifanye siku isiyo na mawingu na uanze kabla ya Adhuhuri. Unahitaji kijiti kilichonyooka cha mita moja, chaki na uzi. Kisimamishe kijiti mahali tambarare na utie alama ncha ya kivuli kila baada ya robo saa. Kivuli kikifika ufupi wake wa mwisho, hapo jua liko katikati ya safari yake. Pima urefu huo. Kwa wafuasi wa Imamu Shafii, na wengi wa pwani yetu ni wao, Alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa kijiti pamoja na ule urefu mfupi mliopima adhuhuri.

Ukiweza, chagua karibu na tarehe 10 Machi au siku za mwanzo za Oktoba. Siku hizo jua hupita juu ya vichwa vyetu Mombasa, na kivuli hutoweka chini ya kijiti: Oktoba ni kama saa sita na dakika kumi, Machi ni kama saa sita u nusu. Saa tatu baadaye kivuli kinakuwa mita moja kamili. Wapeleke vijana wakalisome jedwali la nyakati ukutani mwa msikiti walinganishe na alama zao za chaki. Wataona kwamba lile jedwali wanalolipita kila siku ni hesabu za falaki.

Kibla ni jambo jingine ambalo sisi wa Mombasa hatulioni uzito wake, kwa sababu Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa mji wetu. Longitudo zinakaribia kuwa moja. Waulize vijana: je, ungekuwa Samarkand, Asia ya Kati? Ungekuwa Cordoba, Hispania? Msikiti Mkuu wa Cordoba unaelekea kusini kuliko Makka ilivyo hasa, na haukuwa peke yake. Kuupata mwelekeo sahihi kutoka mbali kulihitaji hesabu za pembetatu juu ya tufe, na haja hiyo ya swala ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma mbele elimu hiyo. Misikiti mikubwa iliajiri mtu wa kusimamia nyakati, anayeitwa muwaqqit. Mmoja wao, Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, aliyefariki 1375, alitunga hesabu ya mwendo wa mwezi ambayo inalingana na ile aliyoitumia Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya, katika kitabu chake cha 1543. Jambo hili huwafikirisha vijana wanaoambiwa kwamba fikra zote zilizimika Baghdad ilipoanguka. Hata hao Wamongolia: Hulagu, mkuu wao aliyeiangamiza Baghdad 1258, ndiye huyo huyo aliyemlipia mwanafalaki Nasir al-Din al-Tusi ajenge kituo cha kuangalia nyota Maragha, Uajemi, mwaka uliofuata.

Kisha, katika kikao hichohicho, leta upande wa pili. Al-Biruni, mwanazuoni wa falaki na hesabu aliyezaliwa 973, aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Anasimulia humo habari ya mwadhini aliyekataa kutumia chombo cha kupimia wakati kwa kuwa kilichorwa miezi ya Warumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi nao wanakula chakula, basi na hilo usiwaige. Mwadhini wa namna hiyo hakuwa mmoja, na si kila mara alishindwa. Mwaka 1577 mwanafalaki Taqi al-Din alifunguliwa kituo kikubwa cha kuangalia nyota Istanbul kwa ruhusa ya Sultani Murad wa Tatu. Mwaka 1580 kikabomolewa kwa amri ya sultani huyohuyo. Miaka hiyohiyo mwanafalaki Tycho Brahe alikuwa akijenga cha kwake Denmark, na vipimo vyake ndivyo alivyovitumia Kepler kupata kanuni za mwendo wa sayari. Kwangu mimi, niliyesomesha hesabu maisha yangu yote, hili la Istanbul linauma kuliko la Baghdad, kwa sababu Baghdad ilivunjwa na adui.

Mtu mmoja: al-Ma'mun

Hiki ni kikao kifupi. Al-Ma'mun alizilipia tafsiri za vitabu vya Kiyunani, Kihindi na Kiajemi. Mtafsiri mashuhuri kuliko wote wa karne hiyo ya 9, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo. Alikitafuta kitabu kimoja cha Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, kuanzia Iraki, Sham na Palestina mpaka Iskandaria, akaambulia kama nusu yake tu huko Damascus. Wakumbushe vijana wote, Waislamu na Wakristo, kwamba jina hilo ni la urithi huuhuu. Thabit ibn Qurra, bingwa wa hesabu, alikuwa Msabii wa Harran, mfuasi wa dini ya kale iliyotukuza nyota.

Mwaka 833 al-Ma'mun aliamuru wanazuoni wahojiwe, wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa, si ya milele. Aliyekataa alifungwa. Imamu Ahmad ibn Hanbal alipigwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata, al-Mu'tasim. Hapa vijana hubishana vikali, kwa sababu aliyejiita mpenzi wa akili ndiye aliyetumia fimbo. Waache wabishane. Usiwape jibu la haraka.

Mji mmoja: chagua Basra

Watu wengi wangechagua Baghdad au Cordoba. Mimi nakwambia chagua Basra, kwa sababu jina letu limo ndani yake.

Basra ndipo al-Khalil ibn Ahmad, ambaye asili yake ni Oman, alipoweka misingi ya kamusi ya Kiarabu na elimu ya mizani za mashairi. Mwanafunzi wake Sibawayh, Mwajemi, aliandika sarufi ya Kiarabu ambayo bado inasomwa. Ibn al-Haytham alizaliwa huko kama mwaka 965, kisha akaenda Misri, akaandika kitabu cha macho na mwanga. Alipinga dai la kale kwamba jicho hutoa miale, na alipima mwanga kwa vyumba vya giza na matundu. Alisema pia kwamba mtafuta ukweli ni yule anayewatilia shaka waliotangulia na kujitilia shaka mwenyewe.

Nje ya mji huohuo, kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki, watumwa waliokuwa wakiitwa Zanj walikuwa wakikwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili ilimike. Jina hilo ndilo waandishi wa Kiarabu waliloipa pwani yetu. Wanahistoria wanajadiliana ni wangapi hasa walitoka huku, lakini jina halifutiki. Mwaka 869 waliasi wakiongozwa na Ali ibn Muhammad, wakajenga mji wao, wakaitwaa Basra 871, na haikuwezekana kuwashinda mpaka 883. Usiwafanye malaika: waliua watu wengi Basra, na wao wenyewe wakachukua watumwa. Na umweleze kijana kwamba habari nyingi tulizo nazo zimetoka kwa al-Tabari, aliyeishi zama hizo na ambaye haachi kumtukana kiongozi wao kila anapomtaja. Kutoka kwa Zanj wenyewe hatuna kitabu.

Lakini tuna kitu kinachokaribia. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki uasi ukiwa unaanza au mwaka mmoja kabla, na ambaye inasemekana babu yake alikuwa mtu mweusi, aliandika risala ya kutaja fahari za watu weusi juu ya weupe. Humo anawapa Zanj nafasi ya kusema. Wanawaambia Waarabu kwamba hamjawaona Zanj wa kweli. Mliowaona ni mateka wa pwani na misituni. Anataja Qanbalu, ambayo wengi huichukulia kuwa Pemba, na Lanjuya, yaani Unguja. Chapisha kifungu hicho kwa maandishi makubwa, umpe kijana akisome kwa sauti. Nimeona vijana wakikisoma, mara wananyanyua uso kwenye jina la Unguja kana kwamba wameitwa wao.

Mtie na Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, hapo. Utangulizi wake wa historia, aliouandika 1377, unaeleza kuinuka na kuanguka kwa dola kwa sababu za kijamii, kodi, mshikamano na anasa, kwa uchambuzi ambao mpaka leo wasomi wanaurudia. Aliipinga ile hadithi kwamba weusi ni laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, akasema rangi ni ya hali ya hewa. Na katika kitabu hichohicho aliandika kwamba watu weusi wanakaribia tabia za wanyama. Soma sentensi zote mbili, moja baada ya nyingine.

Halafu rudi pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331. Aliwasifu watu wake kwa uchaji, akataja misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kutoka hapa alikwenda Kilwa, akamsifu sultani kwa ukarimu, na papo hapo akaeleza kwamba sultani huyo huwavamia watu wa bara na kuchukua ngawira, akitenga khumusi yake, yaani sehemu moja ya tano, kwa mujibu wa sheria. Kwa msafiri huyo mambo haya mawili hayakugongana hata kidogo. Waulize vijana kwa nini.

Karne ya 19 isikupite. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na ya nafaka Malindi yalilimwa na watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, utumwa wenyewe Zanzibar 1897, na pwani yetu ya Kenya 1907. Hapo kijana mmoja lazima atasema, “Lakini Mwalimu, Wazungu walifanya makubwa zaidi.” Mkubalie lililo kweli: biashara ya Atlantiki ilibeba mamilioni. Kisha mrudishe kwenye Malindi. Mwingine atasema Wazungu ndio waliotukomboa. Mwambie kwamba Ahmad Bey wa Tunisia aliufuta utumwa 1846, kwa kuungwa mkono na mamufti wake, wakati Marekani ilikuwa bado haijaufuta mpaka 1865. Mwambie pia kwamba Saudia haikuufuta mpaka 1962 na Mauritania 1981.

Sharti moja mkekani kwangu: hakuna kutaja ukoo wa mtu. Mji huu ni mdogo, na kila jina lina wajukuu. Anayetaka kujua ya kwao akamuulize bibi yake nyumbani, kwa adabu.

Kuchuja ujumbe wa simu

Mwambie kila kijana alete ujumbe mmoja aliotumiwa kwenye WhatsApp kuhusu fahari au aibu ya Uislamu. Usomeni pamoja na mjiulize: ni nani, mji gani, mwaka gani, kitabu gani? Ujumbe ukisema “wanasayansi wa Kiislamu” bila jina, uweke kando. Kisha ulizeni nani alikuwa kabla yake, na nani alimtumia baada yake.

Chukua ule unaosema Fatima al-Fihri alianzisha al-Qarawiyyin, msikiti na chuo cha Fez, Morocco, mwaka 859. Ni habari ninayoipenda. Lakini aliyetupa kisa hicho ni mwandishi wa karne ya 14, kama karne tano baadaye, na hilo ni haki ya kijana kulijua. Au ule unaosema al-Ghazali, mwanazuoni wa dini aliyefariki 1111, aliua sayansi. Al-Ghazali aliwashambulia wanafalsafa kwelikweli, na kuna mambo matatu aliyowahukumia ukafiri. Lakini aliandika pia kwamba anayeipinga hesabu akidhani anaitetea dini anaidhuru dini. Na baada yake bado walikuja Tusi, Ibn al-Shatir, na Ibn al-Nafis wa Cairo, aliyeeleza katika karne ya 13 jinsi damu inavyopita mapafuni. Kwa upande mwingine, mwanafalsafa Ibn Rushd alifukuzwa Cordoba 1195 na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Alirudishiwa heshima yake muda mfupi kabla ya kufariki 1198. Kwa hiyo jibu la “nani aliua sayansi” ni refu, na kijana ajifunze kulivumilia jibu refu.

Wazazi watakapokuja

Watakuja. Mmoja alikuja kwangu akasema, “Bi Mwalimu, unawapa watoto wetu silaha za maadui.” Nilimkaribisha kahawa, nikamfungulia al-Biruni. Al-Biruni aliishi chini ya Sultani Mahmud wa Ghazna, aliyevamia India mara kwa mara. Katika kitabu chake cha India, kama mwaka 1030, aliandika kwamba Mahmud aliiharibu neema ya nchi ile, na Wahindi wakawa kama mavumbi yaliyotawanyika, na ndiyo sababu wanatuchukia. Aliisema kweli hiyo akiwa Mwislamu, ndani ya dola hiyohiyo, baada ya kujifunza Kisanskriti ili awaelewe wale waliovamiwa.

Na hapa kwetu tunaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah, na humo aliwakosoa Waislamu wenzake wa pwani kwa kuiacha elimu, kwa jina lake mwenyewe na kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikifahamu. Mzazi akishasikia hayo, swali lake hubadilika. Anataka kujua kama mtoto wa jirani naye anaweza kuja.

Ukimaliza vikao hivi, wapeleke Kengeleni. Ni matatu moja tu kutoka mjini, kwa kupita daraja la Nyali. Simameni kwenye mnara wa kengele wa Freretown, kijiji ambacho wamishonari walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu walioachwa huru kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwaonya wanakijiji wanapokuja wawindaji wa watumwa. Nendeni asubuhi, jua la hapo ni kali na magari ni mengi. Kila kijana awe na karatasi moja aandike hapohapo: jina moja la mwanazuoni, mji wake, mwaka wake, alichokikuta, alichokiongeza, na mtu mmoja wa zama hizo na mji huo ambaye kazi yake ilitumika bila jina lake kuandikwa. Kwa wale wa Basra, wengi huandika mkwangua chumvi. Zikusanye karatasi, na kikao kinachofuata kianze kwa kuzisoma.